Mama Mdogo na Mablanketi ya Viraka

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi leo Ijumaa, tarehe 14 Juni 2019, familia inaomba mtege sikio kwa dakika chache, mumsikie huyu tunayemsindikiza alitoka wapi na aliishi vipi. Historia hii imeandikwa na mtoto wake wa pili, ambaye ndiye anayeisoma hapa mbele yenu, na sauti ikikwama mahali, mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili na wa mwisho kwa baba mlinzi wa ghala na mama dobi, katika chumba kimoja nyuma ya banda la kupigia pasi, chumba ambacho kuta zake zilikuwa na joto mwaka mzima. Dada yake alimtangulia kwa miaka mitatu, walilala kitanda kimoja mpaka dada alipoolewa, na marehemu alikuwa akisema kwamba hapo ndipo alipojua kitanda kinaweza kuwa kikubwa mno.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1959, akamaliza la saba mwaka 1965, hakuendelea kwa kuwa mwaka huo baba alivunjika mguu na nyumba ikahitaji mikono, kisha mwaka 1967 akajiunga na mafunzo ya ushonaji ya miaka miwili, akapata cheti ambacho mwalimu wake aliandika kwa wino wa bluu kwamba ana mkono mwepesi na mdomo mzito. Waliomfahamu watakubali kwamba mwalimu yule hakukosea hata neno.

Jumatatu ya tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare, akapewa mashine namba kumi na saba, ile ya dirishani, kazi yake ikawa kukunja na kushona pindo za sketi na suruali, na hiyo ndiyo sababu wafanyakazi wenzake, ambao baadhi yao wamo humu, walimwita Pindo na wengine hawakuwahi kujua jina lake jingine. Alifanya kazi hapo kwa miaka ishirini na saba, mpaka kiwanda kilipofungwa tarehe 29 Machi 1996, na siku hiyo aliipangusa mashine yake, akaitia mafuta na kuifunika, kama mtu anayerudi kesho.

Tarehe 22 Agosti 1979 dada yake alifariki dunia baada ya kuugua siku tisa, akaacha watoto watatu, wa kiume wa miaka saba, wa kike wa miaka minne na kitindamimba wa miezi mitano, ambao baba yao alikwisha kuondoka bila kuaga. Marehemu alikuwa na miaka ishirini na minane, chumba kimoja, kitanda kimoja na blanketi moja. Aliwachukua wote watatu siku ileile ya mazishi, wakamwita Mama Mdogo kama walivyozoea, na mtaa mzima ukafuata, hata wazee waliomzidi umri.

Kuhusu ndoa, familia imeona iseme kweli. Fundi mitambo wa kiwandani alikuwa akimposa tangu mwaka 1977, wakakubaliana, lakini mwezi Januari 1980 alikuja chumbani, akawatazama watoto wamejipanga kitandani kama samaki wa kopo, akasema, "Wewe nakutaka, ila hawa ni mzigo wa watu." Marehemu akamjibu, "Basi mpishe mwenye mzigo apite." Akapisha kweli. Fundi alihamia kiwanda kingine, akasahau bwelasuti aliyoileta kuzibwa tundu la goti, marehemu akaitunza mwaka mzima akidhani itafuatwa, kisha akaikata vipande, na vipande hivyo vikalala juu ya kitindamimba kwa miaka kumi na minane. Hakuposwa tena, au kama aliposwa, hakumwambia mtu.

Msimu wa baridi wa mwaka ule wa 1980 ndipo alipoanza kushona mablanketi ya viraka. Alimwomba msimamizi mabaki ya vitambaa kwenye chumba cha kukatia, msimamizi akamwambia, "Chukua, ila usije ukanishonea shati la rangi nane ukaniambia nivae," na kuanzia hapo kila Jumamosi alirudi na mfuko. Kazi yenyewe haikuwa na madoido, alikata kipande cha boksi la viatu kiwe mraba wa ukubwa wa kiganja, akakata vitambaa kwa kipimo hicho, akaviunga safu kwa safu. Blanketi kwake lilikuwa na uso, tumbo na mgongo: uso ni viraka, tumbo ni blanketi kuukuu au magunia laini yaliyofuliwa, mgongo ni shuka, na vyote vitatu alivishika pamoja kwa uzi mnene. Rangi zilikuwa za sare tu, bluu ya wanafunzi, kaki ya walinzi, kijani ya manesi, na watoto walikuwa wakitaniana kwamba wao hawaogopi kitu, wamelala na askari mlangoni na nesi miguuni.

Mtoto wa kwanza, ambaye ni fundi wa lifti, aliondoka nyumbani mwaka 1991 na blanketi lake begani. Wa pili, huyu anayesoma, aliondoka mwezi Januari 1995 kwenda chuo cha ualimu, na la kwake alilisukumia juu ya kabati nyuma ya ndoo, limefungwa gazeti, kwa sababu aliona haya kutandika viraka mbele ya wenzake. Mama Mdogo alilikuta, akadhani limesahaulika, akaomba ruhusa kazini, akapanda basi kwa saa kumi na moja, akafika getini Jumamosi ya tarehe 21 Januari akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi na furushi kichwani. Wanafunzi wakamuuliza mwenzao, "Huyo ni nani?" Naye akajibu, "Ni fundi wetu wa kushona." Mama Mdogo alikuwa hatua tatu tu. Akasema, "Ndiyo, mimi fundi, nimeleta kazi," akamkabidhi furushi kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mteja, hakuomba hata maji, akageuka kurudi stendi. Jambo hili halijawahi kusemwa katika familia kwa miaka ishirini na minne, na linasemwa leo kwa sababu anayelisema ameshindwa kulibeba zaidi.

Kitindamimba, dereva wa lori, aliondoka mwaka 1999, na tangu hapo marehemu aliishi peke yake kwa miaka ishirini. Alipika sufuria ndogo, na meza ya cherehani yake ndiyo aliyolia chakula. Mwaka 2012 alikutwa na ugonjwa wa presha ya macho, na kufikia mwaka 2016 alikuwa haoni kabisa, ila hakuacha kushona, alijua kaki kwa ukali wake na sare ya nesi kwa utelezi wake. Alianza blanketi moja kubwa, la sisi sote kulalia chini siku tutakayokutana, akawa anauliza kwenye simu, "Mnakuja lini, nijue niweke safu ngapi?" Tulimjibu, "Mwezi ujao, Mama Mdogo." Kila mwezi ujao ulipopita aliongeza safu moja. Familia ililipima juzi, lina safu arobaini na tatu, limevuka kitanda, limefika mlangoni na kukunja kona.

Mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akavimba miguu, akalazwa kuanzia tarehe 4 hadi 18 Mei. Mtoto wake wa pili alifika tarehe 20, siku mbili baada ya marehemu kuruhusiwa, akakaa naye siku kumi na moja, kazi yake kubwa ikiwa kumtungia uzi kwenye sindano. Siku ya sita alijikaza akasema, "Mama Mdogo, ile siku ya getini, chuoni..." Marehemu akanyoosha mkono kupokea sindano, akauliza, "Geti gani?" Akashona karibu safu nzima, kisha akasema, "Ulikuwa umekonda siku ile." Tarehe 31 Mei mtoto huyo, ambaye ni mwalimu, alirudi kazini kusimamia mitihani, akiahidi kuja mwezi ujao, na Jumanne ya tarehe 11 Juni, asubuhi, marehemu alikutwa ameshafariki kitandani, akiwa peke yake. Ameacha watoto watatu na wajukuu saba, ambao kati yao aliwahi kuwashika wawili tu.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya wanawake, hasa nesi wa zamu ya mchana aliyemsomea ujumbe wetu wa simu na, tumeambiwa, akaongeza maneno matamu ambayo sisi hatukuyaandika. Inawashukuru wafanyakazi wa kiwandani waliomtembelea kila mwisho wa mwezi wakati kiwanda hakipo tena, na jirani wa mbele aliyemkata kucha na kumsuka nywele.

Shukrani za mwisho ni za fundi viatu, ambaye kibanda chake kimepakana ukuta na chumba cha marehemu. Kwa miaka saba, kila alipofungua kazi, aligonga ukuta mara mbili, naye Mama Mdogo akagonga mara mbili kumjibu, kisha kila mtu akaendelea na yake, na Jumanne alipogonga bila kujibiwa, ndiye aliyevunja mlango. Jumatano asubuhi, tukiwa tumejaa chumbani ndugu kumi na wawili, fundi viatu alifungua kibanda, mkono ukamponyoka kwa mazoea, akagonga tena. Sote tulisikia, tukatazamana, wala hapakuwa na aliyejua kwamba kugonga kule kunatakiwa kujibiwa.

Pumzika, Mama Mdogo, upumzike kwa utulivu.