Vichupa 812 vya Mama Mnyauko

Mgeni rasmi, viongozi mlioandamana naye, na wewe mtafiti wetu tunayekuaga leo, Mama Mnyauko:

Karibu

Karibu, mgeni rasmi, na utuwie radhi kwa jua hili. Ukumbi tunao, ila funguo zake aliondoka nazo ofisa aliyehamishwa mwaka juzi. Wewe ni mgeni rasmi wa sita kusomewa risala hapa. Watano waliotangulia tuliwapigia makofi mpaka viganja vikawaka moto. Leo tutasoma kwanza, makofi baadaye.

Alivyoanza

Mama Mnyauko alifika hapa maabara miaka thelathini na mmoja iliyopita, mwaka ambao viazi vya mama yake mzazi vilinyauka shamba zima vikiwa bado vya kijani. Majirani wakasema mama karogwa. Binti akakata shina, akalining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, na mbele ya macho yao ukashuka uzi mweupe kama maziwa.

"Mchawi mwenyewe ndiye huyu," akawaambia. "Ni bakteria. Sasa tutafute kaingilia mlango gani."

Bakteria wa shina lile ndio sampuli yake namba moja.

Mlango aliutafuta miaka tisa, akaukuta nyumbani kwetu wenyewe: ugonjwa ulikuwa ukisambazwa na mbegu za viazi kutoka shamba letu la mbegu. Akaandika ripoti. Mkuu wa wakati huo akamwita.

"Dada, unataka kutuvua nguo hadharani?"

"Mzee, tuko uchi tayari. Nataka tuvae."

Wiki iliyofuata alihamishiwa bustanini, kumwagilia maua ya ofisi. Miezi kumi na minne, mtu mwenye shahada tatu, kashika mpira wa maji! Sisi tulikuwepo, tukanyamaza. Hilo tunalikiri mbele yake.

Matunda ya kazi

Maua nayo yakanyauka. Akapima: bakteria wale wale. Ugonjwa ulipofika kwenye vyungu vya mlangoni kwa mkuu, ripoti ikasomwa. Shamba la mbegu likafungwa misimu mitatu, udongo ukapumzishwa kwa mahindi, mbegu safi zikatolewa. Wakulima waliokuwa wameapa kutopanda viazi tena wamerudi. Mama yake alivuna magunia kumi na saba kabla ya kufariki.

Yanayotuchosha

Vichupa 812 vya bakteria, kila kimoja na jina la shamba kilikotoka, vilikuwa katika friza moja. Bila hivyo, ugonjwa ukibadilika hatuna cha kulinganishia. Tumeomba jenereta mara nane. Tumejibiwa mara nane: "Suala lenu linashughulikiwa."

Mwezi uliopita umeme ulikatika siku nne. Tukabeba vichupa kwa ndoo hadi kwa muuza nyama jirani, ambaye jenereta anayo.

"Vidudu hivi havitaingia kwenye nyama yangu?" akauliza.

"Vimefungwa, baba," Mama Mnyauko akamjibu. "Na nyama havina habari nayo. Vinataka viazi tu."

Akahamisha maini, akatuachia nusu ya friza. Ndiyo aliyokuwa nayo. Vichupa 306 vilivyokosa nafasi vilikufa siku ya tatu, namba moja kikiwemo. Mama Mnyauko alikifuta maji kwa pindo la koti lake, akaandika daftarini "kimekufa", akatia tarehe na sahihi. Waliolia ni sisi. Yeye alisema, "Pimeni vilivyobaki."

Mgeni rasmi, muuza nyama yule hajawahi kusomewa risala.

Tunachoomba

Mama Mnyauko anastaafu Ijumaa. Nafasi yake haijatangazwa. Tunaomba jenereta, na tunaomba mrithi aje wakati mwenye ujuzi bado yupo wa kumuuliza. Tumesikia umemletea ngao ya shukrani. Apewe, anastahili. Ila tulipomdokezea alisema, "Ngao haigandishi kitu."

Na kama jibu ni lile lile la kushughulikiwa, basi tumekubaliana hivi: vichupa 506 vilivyosalia tutavipakia kwenye gari lako, ukakae navyo ofisini kwako, ambako tunaambiwa umeme haukatiki. Maboksi ya barafu yako tayari. Dereva wako, Mungu ambariki, ameshafungua buti.

Mwenyezi Mungu akupe afya, safari njema, na haraka.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maabara ya Magonjwa ya Mimea