Fundi Migono na Ndoo Zilizomwagwa Mtoni

Shikamooni wazee wetu, na poleni nyote mliokuja kumsindikiza baba yangu.

Jana kisimani jirani yetu, fundi cherehani, alisema, nami nilikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni: "Kufa amekufa, lakini mto wetu kauua yeye. Wale samaki Domo aliwamwaga makusudi, wenzake wakose, apate yeye." Hakuniona. Shangazi, usiniangalie hivyo, sikukasirika. Wasifu ni maisha ya mtu yote, kwa hiyo na hilo nitalisoma zamu yake ikifika.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1954, nyumba ya tatu kutoka kivukoni, mtoto wa pili wa mvuvi na mfinyanzi. Alianza shule mwaka 1962, akamaliza darasa la saba mwaka 1968. Mwalimu wake aliandika kwamba hesabu hajui, ila mikono yake haitulii. Kweli haikutulia. Baba yake mdogo alimfundisha kusuka migono, ile mitego ya fito ambayo samaki huingia kwa urahisi na kutoka asijue. Akaitwa Fundi Migono mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Matundu ya migono yake yalipitisha vidole viwili, ili samaki mchanga atoke. Wateja wakilalamika aliwajibu, "Mwacheni huyo, bado ananyonya."

Mama alimpata kwa mgono. Alitumwa na babu kununua mmoja, akaurudisha mara tatu akidai una tundu. Mara ya tatu baba akamwambia, "Dada, mgono mzima ni matundu. Unataka nizibe lipi?" Mama akacheka. Walioana tarehe 15 Desemba 1979, wakajaliwa watoto wanne. Mimi ninayesoma ni kitindamimba.

Sasa nimefika kwenye neno la kisimani.

Mwaka 2001 afisa wa samaki aligawa vifaranga wa samaki wageni, wanaokua haraka, wa kufuga. Alisema mbele ya watu, "Hawa ni wa bwawani. Mtoni wasikanyage." Baba akachimba bwawa nyuma ya nyumba. Mwaka uliofuata mvua hazikuja. Oktoba 2002 bwawa lilikuwa tope, na samaki wanahema juujuu, midomo wazi. Nilikuwa na miaka saba. Nilikaa ukingoni nikalia mpaka kwikwi. "Baba, wanakufa. Wananiangalia." Akasema, "Ni samaki tu, mama, tutawala." Nikakataa kula chochote, siku mbili nzima. Siku ya tatu alibeba ndoo mbili, mimi nikabeba kopo, tukaenda mtoni. Walipozama nilipiga makofi.

Ndivyo ilivyokuwa. Alikatazwa, naye alijua kwamba amekatazwa. Aliwahurumia wale, na mimi alinihurumia zaidi. Miaka ishirini na moja mmemsema, naye hakunitaja hata mara moja.

Yaliyofuata mnayajua kuliko mimi. Wale samaki walizaana, mkawaita Domo kwa jinsi wanavyomeza kila kitu. Walianza na dagaa, wakaja vyura, wakawamaliza gogota. Wadogo waliozaliwa juzi hawajui gogota ni nini. Ni samaki wa kahawia, mfupi kama kiganja, aliyevunja konokono kwa meno ya kooni, na ukitega sikio kwenye maji matulivu ulisikia ko, ko, ko. Alipokwisha yeye, konokono walijaa mawe yote, na konokono wakaleta kichocho. Leo watoto wetu wanakojoa damu. Wanameza vidonge shuleni, na jioni wanarudi kuchota maji palepale, kwa sababu kisima hakitoshi na kingine hakuna.

Baba aliacha kusuka migono ya kuuza. Alisuka mmoja mkubwa wa kukamata Domo, akawa anaingia mtoni kila asubuhi, maji kifuani. Vijana wa kivukoni walimtania, "Mzee, unakausha bahari kwa kijiko?" Akajibu, "Kijiko ndicho nilichonacho, wajukuu. Mwenye sufuria aje." Hakuja mtu. Domo hawakupungua.

Tumbo lake lilianza kujaa maji mwezi wa pili mwaka huu. Muuguzi alisema ni kichocho cha miaka mingi, kimekula ini. Nilimuuliza kama kuna dawa. Akanigusa bega, akasema, "Mdogo wangu, mngekuja zamani." Alitapika damu Jumatatu, na Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akatutoka, mama akiwa amemshika mguu. Umri wake miaka sitini na tisa.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, dada yake mmoja, na gogota watatu. Hao aliwakuta mwaka 2019 kwenye shimo la mwamba kule juu, Domo wasipofika, akawaweka kwenye pipa la bluu upande wa jikoni. Hatujui yupi dume, yupi jike. Hawajazaa. Anayejua samaki, nawaomba aje awaangalie, hata leo tukitoka makaburini.

Baba, pumzika sasa, umetoka majini.

Jumapili, siku mbili kabla hajatutoka, baba alinituma nikapime maji ya pipa kwa fimbo. Nilimwambia yameshuka, na kisima kinatoa matope. Akanishika mkono, ule ule niliobebea kopo. "Mama," akasema, "yakikauka watahema kama wale. Wanao watalia. Usiwapeleke mtoni, Domo hawatawabakiza hata mpaka mchana. Tafuta maji. Nakuomba, hata mtoto akikataa kula, tafuta maji."