Fukueni Ule Mfereji

Sogeeni karibu, wanangu, sauti imebaki kidogo na sitaki kuimalizia kwenye kelele. Wewe kifungua mimba wangu, acha hiyo simu, lori lako halitakimbia, kaa kwenye kiti cha mama yenu. Na wewe kitinda mimba wangu, binti yangu, mpeleke mtoto wako akacheze baraza ya mbele, asikae chumba hiki, hapana, si kwa ajili ya ugonjwa, mpeleke tu kisha urudi, nitawaambia sababu. Na nawaomba msinikatize, maana nikikatizwa nitapata kisingizio cha kunyamaza, na mimi nimenyamaza miaka mingi mno.

Daktari amewaambia mnifiche hali yangu, nanyi mmenificha vibaya, kila mnaponiletea uji mnatabasamu mpaka naogopa. Basi msijisumbue, najua siku zangu zimekwisha, na kufa sikuogopi sana. Ninachoogopa ni huu ukuta ulio nyuma ya kichwa changu.

Sikilizeni. Nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu mwaka ule mama yenu alipokuwa na mimba yako wewe mkubwa, na nilikuwa fundi mwashi anayetafutwa, watu walinisubiri miezi. Kiwanja hiki ni udongo wa mfinyanzi mtupu, mweusi, mzito, na mimi nilichimba msingi wakati wa kiangazi, umekauka mpaka sururu inadunda na mikono inawaka. Misingi ya nyumba za watu nilichimba mpaka kiunoni. Wa kwangu nilifika gotini nikajiambia hapa ni mwamba, nikaanza kujenga. Jirani yetu mchimba visima alisimama pale juu akaniambia, "Fundi, bado hujafika, udongo huu ukilowa unavimba na ukikauka unanywea, chimba mpaka uone rangi imebadilika." Nikamjibu, "Wewe kazi yako mashimo, mimi kazi yangu nyumba, kila mtu abaki na yake." Wasaidizi wangu walicheka, naye akaondoka, na tangu siku hiyo hatukusalimiana. Mlikua mkidhani tuligombania mpaka wa kiwanja. Hatukugombania kitu. Alisema kweli, nami nikamchukia kwa hiyo kweli.

Mvua za kwanza ukuta huu ulitoa ufa mwembamba juu ya dirisha. Nikauziba, nikapaka rangi. Mwaka uliofuata ukarudi, nikauziba tena, na mama yenu akiniuliza nasema plasta imezeeka, plasta ya mwaka mmoja, wanangu, imezeeka! Nikaendelea hivyo mpaka miaka kumi na moja iliyopita, asubuhi moja ya mvua, mama yenu ametoka tu kitandani kwenda kubandika chai, ukuta ukatoa mlio kama mtu anavunja kuni, na tofali zima likaanguka juu ya mto wake, pale pale kilipokuwa kichwa. Nililitoa kabla hajarudi. Nilifuta vumbi, nikageuza mto, nikanywa chai naye.

Sasa mtaelewa ile bustani. Watu walisema fundi kastaafu kawa bwana mboga, na mama yenu alifurahi, maana alikuwa akiniomba bustani tangu tuoane. Alidhani nimeamua kumfurahisha. Nilikuwa nahangaika na maji ya ukuta. Jambo hilo linanichoma kuliko yote, kwamba alinishukuru.

Na hata hapo nilianza kwa ujinga wa kifundi. Nilijiambia udongo umekaza, dawa yake mchanga, nikaleta lori zima la mchanga nikauchanganya kwa koleo kama nachanganya zege, siku nne. Jua likapiga siku tatu. Mama yenu akaja na jembe lake jipya, akalishusha mara moja, likaruka likamrudia. Akaniangalia, akasema, "Mume wangu, nilikuomba bustani, umenijengea sakafu." Aliwasimulia wenzake wote, nikawa napita mtaani naitwa Bwana Sakafu. Ndiyo jina lenyewe, sasa mmejua lilikotoka.

Yeye ndiye aliyenifundisha, na nyie mshike hivyo hivyo. Mfinyanzi haupigwi mchanga, unalishwa. Maganda ya jikoni, majani makavu, samadi iliyokwisha kuoza, mabua yaliyokatwa vipande, juu kwa juu, msimu hadi msimu, mpaka siku moja unachota unakuta nyungunyungu. Msiulime ukiwa umelowa, mtauua. Chukueni konzi moja, mkiifinya ikavingirika kama kamba subirini, ikimeguka limeni. Pandeni kwenye matuta yaliyoinuka, mtu asikanyage tuta hata kwa kuokota pilipili. Na matuta yale sikuyapanga kwa urembo, yote yanainamia mbali na ukuta, na kati ya ukuta na matuta nilichimba mfereji, hatua tatu kutoka hapa nilipolala, unapokea maji ya paa na kuyapeleka kule chini kwenye migomba. Ukanda ulio chini ya ukuta niliufunika kwa majani makavu, usilowe mno, usikauke mno, udongo usipate sababu ya kuvimba wala kunywea. Na ule mparachichi nilioukata, mama yenu akanilaumu mwezi mzima, mizizi yake ilikuwa inanyonya maji chini ya msingi. Nilimwambia una wadudu. Mti ule haukuwa na mdudu hata mmoja.

Alipofariki niliendelea kulala humu. Mlinibembeleza nihamie chumba cha mbele chenye hewa, nikawa mkali, mkasema mzee ameng'ang'ania kitanda cha marehemu mkewe. Mwanangu, nililala hapa ili asilale mtu mwingine. Kila mvua miaka hii kumi na moja nimelala macho wazi, nikisikiliza, na kila asubuhi nimeamka nikagusa ukuta kabla ya kugusa maji. Ningeweza kuwaambia. Niliona haya, fundi mzima, nyumba yangu mwenyewe. Hayo ndiyo maelezo, hakuna mengine.

Nipe maji kidogo. Inatosha.

Juma lililopita nilisikia koleo huko nje. Nikamuuliza dada yako, akababaika. Mkubwa wangu, usiinamishe kichwa, sikulaumu. Umeona mimi naenda, umefikiria msiba, watu wengi, viti vitakaa wapi, mzee wa watu asije akatumbukia mfereji kwenye mazishi ya mwenzake. Ukasawazisha matuta, ukafukia mfereji, ukashindilia vizuri kama nilivyokufundisha. Umenitayarishia uwanja wa msiba wangu, na ningekuwa na pumzi ningecheka. Lakini maji sasa hayana njia isipokuwa kuja huku. Na wageni wa msiba watalazwa wapi, kama si chumba hiki kikubwa? Nimewaona kichwani mwangu, shangazi zenu wamelala sakafuni wamejipanga, watoto katikati, na mvua inanyesha. Ninaogopa, wanangu. Sijawahi kuwaambia neno hilo, leo nawaambia.

Kitinda mimba wangu, sogeza kabati. Taratibu. Nyuma yake kuna ufa, na juu ya ufa niligandisha kipande cha kioo kwa saruji, huku na huku. Sisi mafundi tunakiita shahidi. Ukuta ukisogea unene wa ukucha, kioo kinapasuka. Miaka kumi na moja kimekuwa kizima, kwa ajili ya mfereji ule. Tangu nilipoishiwa nguvu sijaweza kusogeza kabati. Angalia, uniambie.

Umerudi nyuma hatua.

Basi kimepasuka, nimeelewa. Usikiguse.

Sikilizeni haraka sasa, mawingu yale nayaona dirishani na harufu ya mvua imeingia. Nyumba ni yenu wote wawili, msigawane vyumba, hiki hakigawanyiki, kitabomolewa kiangazi kikija, na msingi mpya utachimbwa mpaka rangi ibadilike. Asimame mchimba visima juu yake aseme "umefika" ndipo mjenge. Mwendeeni leo, mwambieni fundi amesema ulisema kweli, mwambieni kwa maneno hayo hayo, msiyalainishe. Timazi yangu, ile kamba yenye risasi, ni ya binti yangu, mkono wake wa kushona umetulia, ataining'iniza ukutani kila mwezi aone kama umeinama. Mwiko wa saruji ni wako mkubwa. Msiba wangu ufanyikie barabarani, wageni wasimame kama hawana viti, nimewasimamisha watu kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Na sasa nitoeni. Na kitanda changu, ndiyo, nyanyueni, mmoja kichwani mmoja miguuni. Polepole... Chumba cha mbele. Fungeni mlango nyuma yetu, mtu asirudi humo, hata kuchukua shuka.

Hapa. Dirisha liacheni wazi. Msikae mkanililia, udongo wa kufukia bado mkavu, mvua ikiupata utawashinda. Chukueni majembe mkafukue ule mfereji, mpaka kwenye migomba, msiishie njiani kama nilivyoishia mimi. Mungu awape mikono isiyochoka na midomo isiyoficha. Awalinde na paa juu yenu... na kilicho chini yenu. Mama yenu na mimi tuko radhi nanyi. Nimewaachia yote, radhi zangu zote. Nendeni.

Nendeni, nimesema.

...Moja. Nasikia jembe moja. Ni la mkubwa, anapiga kwa hasira.

Na la pili? Binti yangu... na la pili liko wapi?

Ee. Na la pili hilo.