Foleni ya Kupekuliwa

Wasikilizaji wapendwa, moshi mliuona. Mliuona umetanda juu ya kiwanda cha magodoro, mkafunga madirisha, mkaendelea kula. Leo msizime redio. Leo mtasikiliza habari ya Bi Ndoo.

Ndivyo kaka yake alivyomwita tangu aingie chuo kikuu kusomea uhandisi wa kinga ya moto na usalama kazini. Jikoni kwao aliweka ndoo ya mchanga.

"Bi Ndoo, napasha chai tu, usije ukanifukia!"

"Wewe ungua, kaka. Nitapata mfano wa kuonyesha darasani."

Mwaka wa mwisho akapelekwa kiwandani kwa mafunzo ya vitendo. Siku ya kwanza tu alikiona kitakachoua. Njia ya kutokea ni moja, lango jembamba la chuma. Hapo wafanyakazi hupanga foleni, hunyoosha mikono, mlinzi huwapekua wasije wakatoka na kipande cha sponji. Ndipo afungue komeo, mmoja mmoja.

"Mzee, moto ukiwaka watu watafia kwenye foleni hii," alimwambia meneja.

"Binti, umeletwa kujifunza, siyo kutufundisha."

Moto ukawaka. Narudia: moto uliwaka, na watu wakapanga foleni! Miaka nenda rudi wamefugwa hivyo. Sponji inawayeyukia migongoni, ngozi inabanduka, nao wamenyoosha mikono. Na mlinzi anapekua! "Mmoja mmoja! Amri ni amri!"

Bi Ndoo alinyanyua mtungi wa kuzimia moto, akamtandika nao mlinzi kwenye taya. Meno yakaruka. Akalitwanga komeo mpaka likang'oka. "Tokeni! Msipange!"

Wakatoka kama maji yaliyobomoa ukuta. Wakamwangusha, wakampitia juu. Mbavu zake zilivunjwa na viatu vya aliowaokoa, moto ukammalizia. Wao walitoka. Yeye hakutoka.

"Mdogo wangu nilikabidhiwa kwenye mfuko," anasema kaka yake. "Halafu naulizwa kwa nini alimpiga mlinzi."

Mama mzazi, kaka mtu, poleni. Pole yetu ni ndogo, na imechelewa.

Lakini kiwanda kimefunguliwa tena, wasikilizaji. Komeo jipya, foleni ile ile. Jiulize umenyamazia mangapi, na ujiulize ukiwa umeshasimama. Zamu ya jioni inatoka sasa hivi. Vaa viatu, nenda langoni, mshushe ndugu yako mikono. Komeo ling'oeni leo. Nenda!