Bi Rula na Kisiwa cha Arobaini na Saba

Miaka thelathini na nane na miezi minne! Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Bi Rula anaweka kalamu chini katika ofisi ya ramani ya mkoa wetu wa visiwa. Nimepewa kazi ya kumuaga mimi, mshika fimbo ya kupimia, maarufu Domo, maana hakuna aliyezunguka naye kunishinda. Shule sikusoma, karani ananiandikia huku anacheka, na hata sijaanza.

Mkoa mzima umepita mkononi mwake. Mlima uliotema moto zamani ukatuachia udongo mweusi, visiwa vya matumbawe vilivyo bapa kama sahani, kisiwa cha gereza la wakoloni, bandari ya kale iliyomezwa na bahari. Mlima ule aliupanda na mimba ya miezi sita, mimi nimebeba fimbo. Kushuka, fimbo alibeba yeye, na mimi karibu anibebe.

Sasa ya mwezi huu. Mpaka leo mwili unanisisimka. Zililetwa picha za angani achoree ramani yake ya mwisho. Akahesabu visiwa: arobaini na sita. Akarudia. Arobaini na sita! Na ramani yake iliyo ukutani kila shule inasema arobaini na saba, watoto wamefelishwa kwa kusema vingine. Ofisi tulipigwa butwaa. Mkuu wetu alikalia kiti ambacho hakikuwepo.

Kilichopotea ni namba thelathini na moja. Mkuu, bado yuko sakafuni, akamwambia, "Mama, umebakiza siku kumi na nane. Kiache tu, kwani kinakuomba chakula?"

Bi Rula akasema, "Niage na uongo ukutani? Domo, tafuta mashua."

Moyo ukanilipuka. Kisiwa kile ni changu! Miaka ishirini na miwili najigamba, popote penye watu wawili, kwamba binadamu wa kwanza kukikanyaga ni mimi.

Tulifika maji yamejaa. Thelathini na thelathini na moja, visiwa viwili! Nikapumua. Bi Rula akafungua chupa yake ya chai, akatulia. Kazi yetu ina sheria moja: hupimi kisiwa mpaka maji yapwe. Baada ya masaa matano mchanga ukainuka kama mgongo wa ng'ombe, thelathini na moja kikashikana na thelathini. Kumbe ni mkia wake, na picha zilipigwa maji yamepwa! Nahodha alishika kichwa.

Siku ile ya kukipima, zamani, Bi Rula alikuwa anauguza mtoto, akanituma mimi. Nikachomeka fimbo maji yakiwa juu, nikawahi kutazama mpira. Nikamwambia nimesubiri. Akaniamini.

Nilingoja anitaje. Barua ya masahihisho aliyoipeleka kila shule ina jina moja tu penye kosa: lake. Jina la miaka thelathini na nane, amelipaka tope mwenyewe ili mimi nibaki safi. Basi sikieni wote: kosa ni la Domo.

Nilipanga nimshtue kwa maneno hayo. Kaniwahi. Jana kanionyesha ramani mpya, na pale penye mchanga unaotokea na kupotea kaandika kwa mkono wake mzuri: Rasi ya Domo. Nilinyamaza dakika nzima. Waulizeni waliokuwepo, walitaka kuita daktari.

Asante, dada yangu. Wajukuu wakuchoshe kwa raha, magoti yakuheshimu, na maisha yako mapya yawe matamu. Ukichoka kupumzika, karibu rasini kwangu. Ila subiri maji yapwe.