Mama Redio na Mbio za Kuongea

Ndugu zetu, majirani, walimu wenzake, na ninyi wanafunzi wake mlioujaza uwanja huu mpaka viti vya kuazima vikaisha, familia imenituma mimi, kitindamimba wake, niwasomee maisha ya mama yetu, na imenionya nisome taratibu, kwa sababu marehemu hakupenda mtu anayeharakisha jambo lisilo na haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, katika chumba cha nyuma ya karakana ya useremala, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa seremala na mshona nguo. Bibi alikuwa akisimulia kwamba babu alikuwa anapiga randa mlango wa mteja, akasikia kilio cha mtoto, akaiweka randa chini, akaingia ndani na vumbi la mbao kwenye nyusi, akasikiliza kidogo, akasema, "Huyu ana mapafu."

Alianza darasa la kwanza Januari 1960, na kwa kuwa alikuwa mzito wa kuamka, alikimbia njia nzima ya shule akiwapita kaka zake waliotangulia, na babu alipoliona hilo akakata shauri kwamba nyumba yake imezaa mkimbiaji. Tangu akiwa na miaka minane aliamshwa kabla ya jua, akakimbia kutoka karakana hadi kiwanda cha matofali na kurudi, babu akimfuata kwa baiskeli yenye chupa ya maji iliyofungwa kwenye usukani, jioni akarudia njia ileile, na Jumapili wakaenda mpaka kwenye tangi la maji la mji, safari ambayo watu wazima huipandia gari. Shangazi yake, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alisimama siku moja mlangoni pa karakana akauliza, "Kaka, huyu ni mtoto au ni punda?", na babu akamjibu kwamba miguu ya mtoto ni mpira, haivunjiki.

Nisieleweke vibaya hapa, maana marehemu hakumruhusu mtu yeyote amseme vibaya baba yake. Alituambia kwamba katika nyumba ya watoto watano, asubuhi zile ndipo pekee alipompata baba peke yake, baba aliyemwimbia kwa sauti mbovu kutoka juu ya baiskeli, aliyemkanda miguu kila jioni kwa maji ya moto yenye chumvi, aliyewaambia wateja wasubiri vitanda vyao kwa sababu ana kazi na binti yake. Tarehe 12 Oktoba 1963, akiwa na miaka kumi na mmoja, alishinda mbio ndefu za wanawake za wilaya nzima, akawaacha nyuma wanawake wenye waume na watoto, picha yake ikatoka gazetini akiwa amevaa kaptula ya kaka yake iliyokazwa kwa kamba, na mji mzima ukamwita Treni.

Treni hiyo ilisimama Machi 1966. Maumivu yalikuwa yamemwanza miezi mingi nyuma, akayaficha, akawa anachechemea akiwa chumbani na kunyooka akifika sebuleni, mpaka siku ya mashindano nyonga yake ya kulia ikapasuka ufa katikati ya mbio, akabebwa kwa ubao. Daktari wa mifupa, kijana mpole, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akawaeleza babu na bibi, bila kuwagombeza, kwamba mfupa unaokua ulipewa kazi ya mfupa uliokwisha kukua, kwamba chakula chote alichokula kiliishia barabarani kisibaki cha kumkuza, ndiyo maana wadogo zake walikuwa wamempita kimo, na kwamba ufa utaunga lakini asishangae mifupa hiyo ikija kumdai uzeeni. Mfupa uliunga kweli. Kilichokataa kuunga ni hamu. Babu alimnunulia viatu vipya vya kukimbilia, akaviweka chini ya kitanda, vikakaa hapo mpaka vikarithiwa na mdogo wake, kwa sababu Treni hakutaka tena kukimbia, hata mvua ikimkuta barabarani alitembea.

Alituambia kwamba nyonga haikuwahi kumliza, kilichomliza ni kule kupewa kitu kizuri akiwa mdogo na kukimaliza chote kabla hajakua. Akatoka hospitali na swali moja, na ndilo alilolibeba maisha yake yote, kwamba je, mtoto anaweza kufundishwa mbio, na akishakuwa mtu mzima bado akazitaka?

Alimaliza sekondari mwaka 1970, akasoma chuo cha ualimu miaka miwili, na Januari 1973 akapangiwa shule ya msingi ambayo hakuihama mpaka alipostaafu mwaka 2012. Alipewa kufundisha hesabu, na michezo juu yake, kwa kuwa mwalimu mkuu aliikumbuka ile picha ya gazetini. Wiki za mwanzo alisimama tu pembeni ya uwanja, hajui aanzie wapi, mpaka siku moja wakati wa mapumziko akawatazama watoto wakifukuzana, wanakimbia huku wanapiga domo, wanatukanana, wanacheka, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kuchoka. Hapo akaweka sheria yake, kwamba anayekimbia lazima aongee, na maneno yakimwishia atembee mpaka yarudi. Wadogo hakuwapimia umbali wowote, waliruka kamba, walikimbizana, walirusha mipira, wakaenda nyumbani wakiwa bado wanataka kucheza. Na kwa kuwa mtoto haongei bila mtu wa kumchokoza, ilimbidi akimbie pembeni yao akiwauliza nani kamficha mwenzake daftari, na nani kasinzia kwenye somo lake, na hivyo, bila kuamua, mama yetu akajikuta anakimbia tena, polepole, anachechemea, anacheka.

Walimu wa shule nyingine walikaa kwenye nyasi wakauliza, "Hii ni timu au ni redio?", na jina la Mama Redio likaganda. Baba yetu mpaka leo anadai jina hilo limetoka dukani kwake, kwa kuwa yeye ni fundi redio, na walifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1975, baada ya marehemu kumpelekea redio iliyokuwa imekatika waya mmoja tu, naye akakaa nayo wiki tatu ili mwenye redio aendelee kuja kuiulizia. Baba aliungama kosa hilo siku ya harusi mbele ya wakwe, na bibi harusi akamjibu kwamba alijua, na kwamba redio ilipoharibika mara ya pili, waya aliuchomoa yeye mwenyewe.

Madaktari walikuwa wamemwambia kwamba mwili uliocheleweshwa kukua huenda ukachelewa pia kuzaa, wakangoja miaka saba, wakisikia mengi kutoka kwa watu wasioulizwa, mpaka mwaka 1982 akazaliwa dada yetu, ambaye ni nesi, mwaka 1986 kaka yetu, fundi umeme, na mwaka 1992 mimi, niliyekuja wakati nguo za mtoto zimeshagawiwa kwa majirani.

Uwanjani nako, katika mashindano ya watoto timu yake ilishika mkia, msimu baada ya msimu, na wazazi wakanung'unika. Mwaka 1994 alikuwa na msichana wa miaka kumi, binti wa muuza mkaa, mdogo wa umbo na mwepesi wa kuwaka, wenzake wakimwita Kiberiti, na baba wa mtoto akasikia kwamba ng'ambo ya mji kuna kocha anayewakimbiza watoto asubuhi na jioni na kurudi na vikombe. Alikuja uwanjani, akasema mbele ya watu wote, "Mwalimu, wewe ulifika gazetini ukiwa na miaka kumi na mmoja, leo unambania mwanangu?" Marehemu akamjibu, "Mbio zangu, mzee, zilikufa zina miaka kumi na tatu." Muuza mkaa akatikisa kichwa, akasema mashindano ya Jumamosi yakiisha, Jumatatu mtoto anahama. Baba yetu anasema mama alirudi nyumbani akakaa na sahani mbele yake mpaka chakula kikapoa, kwa sababu mtoto si wake, hawezi kumzuia, na alikuwa anaiona njia ya kiwanda cha matofali ikifunguliwa upya kwa ajili ya mtoto mwingine.

Jumamosi hiyo babu alikuja uwanjani na fimbo yake, yeye ambaye kwa miaka ishirini na moja hakuwahi kukanyaga mahali ambapo binti yake anafundisha, akasimama kwenye uzio karibu na muuza mkaa. Kiberiti alianza vizuri, akiwapigia kelele wenzake, baba yake akapaza sauti, "Kaza! Kaza mwanangu!", na mtoto akakaza, akafunga mdomo, uso ukabadilika. Babu akamshika muuza mkaa mkono, akamwambia, "Mwenzangu, mwache aongee. Wangu alinyamaza, nami nikadhani ndiyo kasi." Muuza mkaa alimtazama, akamjua ni nani, akageuka akamtazama mwalimu anavyochechemea pembeni ya mstari, akanyamaza yeye. Kiberiti alimaliza wa nne. Baba yake akamfuata marehemu, akakohoa, akasema, "Basi Jumatatu umkazie hesabu, mbio naona mnaelewana." Babu na marehemu walirudi nyumbani kwa miguu, na walichozungumza njiani hatukukijua, ila tunajua walichelewa sana kufika.

Kiberiti hakushinda kikombe chochote cha kujivunia mpaka alipotimiza miaka kumi na minane, aliongezwa mwendo kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, akapita kwa makocha wengine waliomkuta na mifupa mizima na hamu nzima, na mwaka 2015, akiwa na miaka thelathini na mmoja, alikimbia mbio ndefu za kimataifa tukimtazama sebuleni kwetu, majirani wamejaa mpaka dirishani. Mwishoni walibaki wawili, midomo ya Kiberiti inatembea, mtangazaji akasema huenda dada huyu anasali, na sebule nzima ikalipuka, "Anaongea!" Alitueleza baadaye kwamba alimwuliza mwenzake habari za watoto, mwenzake akashindwa kujibu, ndipo akajua kwamba wakati wa kuondoka umefika. Alipokata utepe, mama yetu alikuwa amesimama juu ya kochi na nyonga yake ya chuma, aliyowekewa mwaka 2010, baba amemshika sketi asianguke, na mwaka uliofuata ofisi ya elimu ya wilaya ikazuia watoto wa chini ya miaka kumi na miwili kuingizwa kwenye mbio ndefu.

Daktari yule kijana alisema kweli, mifupa ilikuja kudai. Tarehe 17 Januari mwaka huu wa 2024 marehemu aliteleza kwenye ujia wa nyumbani, nyonga ya kushoto ikavunjika, akafanyiwa upasuaji siku mbili baadaye. Manesi walipompima waliona mapigo yake yanakwenda polepole mno, wakamwita daktari mbiombio, marehemu akawaambia, "Moyo huo kaupiga randa seremala, uacheni." Moyo ule na mifupa ile vilitoka katika asubuhi zilezile, na hakutaka tukisifu kimoja na kukificha kingine. Mapafu yakaingiwa na maambukizi, na tarehe 31 Januari, saa kumi na moja alfajiri, akaaga dunia akiwa na miaka sabini na mmoja, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya mifupa, majirani mliotupisha vyumba vyenu ili wageni walale, walimu wenzake mliolala nasi hapa, Kiberiti uliyeacha kambi ya mazoezi ukafika jana, na mzee wetu wa mkaa, ambaye turubai hili tulilokaa chini yake amelifunga kwa mikono yake.

Leo asubuhi, kabla hatujapanga viti, tulisikia vishindo vya viatu barabarani, tukachungulia, tukaona watu wazima wanapita mbele ya nyumba wakikimbia, fundi bomba, mwenye duka la vitambaa, mama wa watoto wanne, mwalimu mkuu wa sasa na kitambi chake, wote walipita darasani kwake, na hakuna aliyewaita wala aliyewapimia umbali. Baba alifungua mlango akawauliza wanakwenda wapi. Wakamwambia hawaendi popote, wametaka tu.

Wametaka tu, mama. Pumzika kwa amani.