Mwalimu Theophil Temba na Watu wa Mtaa wa Udowe

Baba padri, walimu, wazee wa mtaa, na ninyi vijana mliochimba kaburi hili, ahsanteni. Mimi ni Severa, dada mkubwa wa marehemu. Najua wako ndugu zetu wa Kilimanjaro wanaonung'unika tangu asubuhi: Mchaga anazikwaje Dar es Salaam, wakati kihamba chao, shamba la ukoo, kipo na baba yake amezikwa pale? Wa kwanza kunung'unika nilikuwa mimi. Nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mnihukumu.

Marehemu alizaliwa Kibosho tarehe 14 Machi 1921, kitinda mimba wa mzee Melkiori Temba na mama Winifrida. Alikuwa mkaidi, tena mwenye huruma, na mtoto wa namna hiyo huwachosha wazazi. Mama alimfungia ndizi za kuchoma za kula shuleni. Akifika anawagawia wenzake zote, kisha anarudi nyumbani akilia njaa. Alichapwa kwa hilo, na kesho yake akagawa tena.

Alianza shule ya misheni Kibosho mwaka 1930, akaendelea hadi chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1942. Wote aliosoma nao na kula nao walikuwa Wakatoliki, na walimu wao vilevile. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililokuja kumponza. Alifundisha Moshi, na huko ndiko alikofunga ndoa na Candida, binti wa Uru, tarehe 23 Aprili 1949. Mungu akawajalia watoto wawili.

Januari 1954 serikali ilimhamishia Dar es Salaam, kwenye shule mpya ya sekondari ya kutwa hapa Mtaa wa Udowe, Kariakoo. Shule ilikuwa na darasa moja tu, la Tisa, lenye watoto wa wauza samaki, mafundi cherehani na makuli wa bandarini. Wengi walikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika hapo.

Mwezi Mei alikuwa akiwazoeza mbio za mashindano. Akaona wanalegea, midomo imewakauka, akaamini kuwa nyumbani kwao hakuna chakula. Ramadhani aliijua kwa jina. Hakujua kuwa imeshaanza, wala hakudhani kuwa watoto wa umri ule hufunga. Nao kwa heshima hawakumwambia kitu. Basi Ijumaa asubuhi akamwagiza Candida apike sufuria kubwa la uji wa ulezi, akalibeba mwenyewe hadi uwanjani, akawasimamia.

"Kunyweni, wanangu. Hakuna anayekimbia kabla hajanywa."

Mmoja tu alikunywa, huku analia, kwa kuwa hakujua namna ya kumkatalia mwalimu. Huyo alikuwa Shomari, kijana yule aliyesimama pale mbele, mwana wa Mzee Mwinyimvua, mmoja wa wazee wa mtaa huu.

Jumatatu darasa lilikuwa tupu. Mtaani ikavuma kuwa yule Mchaga ametumwa na mapadri kuja kuwabatiza watoto kwa uji. Ofisi ya elimu nayo ikasema darasa lisilo na watu litafungwa. Walimu wenzake walimshauri aombe uhamisho kabla mambo hayajaharibika zaidi. Akakataa. Jioni ile, saa ya futari, alipiga moyo konde akaenda kwa Mzee Mwinyimvua, akasimama nje ya baraza.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Keti kwanza ufuturu."

"Sikufunga, mzee. Sistahili futari yako."

"Basi kesho funga, halafu uje."

Akafunga. Candida alidhani mumewe amerukwa na akili. Anasema ilipofika saa kumi jioni mwalimu alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kila mara anauliza jua limefika wapi. Lakini alifika kwa Mzee Mwinyimvua, akala muhogo na kunde pamoja naye, na asubuhi yake mzee alimshika Shomari mkono akamrudisha darasani mwenyewe. Wengine walifuata mmoja mmoja. Mashindano yalisogezwa hadi baada ya Idi.

Tangu hapo shule ilikua. Leo ina madarasa hadi la Kumi na Mbili. Marehemu aliwaanzishia wanafunzi bustani ya mboga, na mdahalo wa kila Alhamisi, maana Ijumaa wengi wako msikitini. Aliwapeleka kucheza mpira na shule ya watoto wa Kihindi. Bwana Ghanshyam, muuza vitambaa, aliwashonea vijana wetu jezi, halafu siku ya mchezo akaenda kushangilia upande wa mwanawe. Marehemu alicheka mpaka akashika mbavu. Kila Ramadhani alifunga na wanafunzi wake, na kila Jumapili alikuwa kanisani. Baba padri ni shahidi.

Februari mwaka huu, 1959, alianza kuugua figo. Wanafunzi walipokezana kumletea madafu na vitumbua hospitalini, hata wauguzi wakachoka kuwafukuza. Mimi nilifika Agosti, nikamwambia wazi kuwa nimekuja kumrudisha kihambani, akiwa mzima au vinginevyo.

"Dada," akasema, "wakikuomba wanizike hapa, usiwakatalie."

"Na wasipoomba?"

"Basi nirudishe. Nitajua nilikaa na watu hawa bure."

Niliona machoni mwake kuwa jambo hilo alikuwa akiliogopa kuliko kufa. Sikumwahidi kitu. Alifariki jana, Jumatano tarehe 9 Septemba, alfajiri.

Asubuhi ilipita, watu walikuja kulia na kutoa pole, lakini hakuna aliyeomba. Nikatuma mtu stesheni kuulizia treni. Adhuhuri ilipokaribia, Mzee Mwinyimvua aliingia na wazee wenzake.

"Mama, tumekuja kumwomba mwalimu. Padri wake atamsomea, hayo ni yenu. Kuchimba na kubeba tuachieni sisi."

"Kwao ni Kibosho," nikamjibu kwa ukali.

"Mgeni tungemsindikiza stesheni, mama. Huyu tutamsindikizaje, naye hana safari?"

Nilitaka kukasirika, nikaishia kulia. Nikawaachia.

Marehemu ameacha mjane, Candida. Watoto wake, Josepha na Benjamini. Sisi ndugu zake, na wanafunzi wa madarasa manne. Ameacha pia mama yetu, Winifrida. Simu ya kifo ilimfikia jana hiyohiyo, ila ya kuwa tunazika hapa bado hajaipata, na sasa hivi amekaa kihambani, kaburi limeshachimbwa kando ya baba, anasubiri jeneza. Nitakaposhuka Moshi mikono mitupu ataniuliza, mwanangu umemwacha na nani? Sijui nitaanzia wapi. Lakini nitamwambia kuwa nimemwacha na watu wake, na kwamba nilitaka kumchukua wakanikatalia.

Waliomba, Theophil. Lala kwa amani.